Machungwa Niliyomnyima Papa

Kwa miaka sita nimewafundisha akina mama wa Goma faida ya matunda, na katika miaka hiyohiyo baba yangu mzazi aliugua kwa kukosa matunda, ndani ya nyumba yangu, akila chakula nilichompikia kwa mikono yangu. Nayasema yote mwanzoni kwa sababu najijua. Nikiachiwa nafasi nitazungukazunguka mpaka nijitoe kwenye habari hii nikiwa mtu mwema.

Mimi ni reko. Ndivyo wanavyoitwa huku kwetu wajumbe wa afya wa mtaa, watu wa kujitolea ambao kituo cha afya huwatuma nyumba kwa nyumba. Nina fulana yenye maandishi mgongoni, na kitabu kikubwa cha picha: ukurasa wa kunawa mikono, ukurasa wa chandarua, ukurasa wa vyakula. Nilipofika kwenye picha ya chungwa na pera nilikuwa na sauti yangu maalumu. "Bamama, siku isipite bila tunda." Walikuwa wananiitikia wote kwa pamoja. Nilipenda kuitikiwa, na nilipenda zaidi kuitwa mwalimu, mimi ambaye shule niliiacha katikati.

Papa, ndivyo ninavyomwita baba, alikuja kukaa nami mtaani Mabanga baada ya mama kufariki kule Butembo. Binti zangu walikuwa wameshaolewa, nyumba ikabaki yetu sisi wawili. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori, akishusha vitunguu, maharage na mbao kutoka Butembo mpaka Goma. Mwaka wa kwanza alinichosha kwa uchangamfu. Alirekebisha kila mlango, hata ule uliokuwa mzima. Mtu akimuuliza habari za njia alimpa vituo vyote bila kupumua, Lubero, Kirumba, Kayna, Kanyabayonga, Kiwanja, Rutshuru, Rumangabo, Kibumba, na kila kituo alikitaja pamoja na kile walichokuwa wanakula pale. Majirani walimpenda. Wengine walikuja kumsikiliza yeye, kisha wakanisalimu mimi kwa adabu tu.

Halafu kikaja kipindupindu. Si mara ya kwanza, mji huu umekizoea kama ulivyozoea vumbi, lakini safari hii kilipita mtaani kwetu. Majirani wawili walibebwa kupelekwa hospitali ndani ya wiki moja. Maji tunayotumia yanatoka ziwani kwa bidoni, yaani madumu, na mimi, kwa kazi yangu, nilijua vizuri kuliko wengine yanaweza kubeba nini. Nikatangaza sheria nyumbani: hakuna kitu kibichi kitakachovuka mlango. Kila kitu kichemshwe. Sombe, yaani kisamvu, niliipika tangu asubuhi mpaka ikawa nyeusi. Maharage, saa nyingi. Nyanya zilipikwa mpaka zikapotea. Maziwa yalichemka mara mbili. Matunda yakafungiwa njia kabisa.

Wakati huo papa alikuwa ameng'olewa meno ya kutafunia, yakabaki machache tu ya mbele. Chakula chake kikawa bugali laini na mchuzi wa sombe, uji asubuhi, chai na mkate wa kuchovya jioni. Siku moja alimwona mama muuza machungwa akipita na beseni kichwani, machungwa ya Beni, yale yenye ganda la kijani na maji mengi. Akaniambia:

"Mama, unipatie hata kachungwa kamoja. Nitakafyonza tu."

Huku kwetu baba humwita bintiye mama, kwa mapenzi. Nilimjibu kwa ile sauti ya kitabu cha picha: "Papa, kipindupindu iko inaua batu. Unataka nikuzike?"

Hakubisha. Papa ni mtu anayemtii daktari, na katika nyumba ile daktari nilikuwa mimi. Aliuliza tena mara mbili au tatu katika miezi iliyofuata, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaacha.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia hata padri. Tunda unalolimenya mwenyewe kwa mikono safi halina shida. Hilo liko ukurasa wa saba wa kitabu changu, na nimelisema mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisema usingizini. Kipindupindu kilinitia hofu kweli, mwezi wa kwanza. Baada ya hapo kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba papa akifyonza chungwa alikuwa anamwagia shati, shuka na mto, maji yananata, na kila ndoo ya kufulia niliitolea jasho. Nilikuwa nimechoka kufua. Nilimnyima baba yangu machungwa kwa sababu ya shuka, nikaliita jambo hilo afya.

Ulipita karibu mwaka mzima. Mabadiliko yalikuja polepole, na kwa kuwa nilikuwa namwona kila siku sikuyaona. Kwanza hasira: papa ambaye hakuwahi kunipandishia sauti akaanza kununa kwa sababu ya kijiko. Kisha ukimya. Alikuwa anaketi tu, mikono mapajani, na ukimsemesha jibu lilichelewa mpaka wewe mwenyewe unasahau ulichouliza. Akasema miguu inamuuma ndani ya mifupa. Nikamwambia ni baridi ya Goma. Akasema vidole vinakufa ganzi. Nikamwambia ni uzee.

Siku moja mgeni wa Butembo alimwomba amsimulie njia, kama zamani. Papa alianza vizuri mpaka Rutshuru, akasimama. Akarudi Kiwanja, akaja tena Rutshuru, akasimama palepale. Midomo ilikuwa inamcheza. Mgeni akainamia kikombe chake. Nami, badala ya kumsaidia papa kwa neno moja tu, Rumangabo, ambalo kila mtu analijua kwa ajili ya mbuga na askari wake, nilicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu, cha kumwonyesha mgeni kwamba na mimi naona. Papa alinitazama, akaomba ruhusa ya kwenda kulala. Ilikuwa saa nane ya mchana.

Wiki hiyo nilimpigia simu kaka yangu aliyebaki Butembo. Nikamwambia: "Kichwa ya papa imekwisha." Nilisema hivyo nimesimama hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, kana kwamba namzungumzia kabati. Kaka akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mtu wa afya, naelewa mambo haya. Tukakubaliana kwamba asiulizwe tena neno lolote la ukoo, asije akatutia aibu. Ndoa ya mtoto wa kaka ikapangwa bila papa kuulizwa, yeye mkubwa wa ukoo mzima.

Kisha yakaja madoa. Miguu yake ilianza kutoka alama za bluu na zambarau kama za mtu aliyepigwa, ingawa hakuanguka. Jirani mmoja aliziona, akaniangalia kwa namna ambayo nililala nayo siku tatu. Ningeweza kumpeleka papa hospitalini. Nilichofanya ni kununua soksi ndefu za mpira. Nikahamisha kiti chake kutoka barazani nikakiweka nyuma ya jikoni, kwenye mawe meusi ya volkano, mahali ambapo mtu wa njiani hamwoni. Nilimwambia kule hakuna upepo. Upepo ulikuwepo.

Kilichonitoa nyumbani ni damu kwenye mto. Fizi zake zilikuwa zimevimba, zinatoa damu zenyewe. Hapo nikaogopa. Hata hivyo sikumpeleka kwenye kituo chetu, kwa sababu pale wote wananifahamu. Nilimpakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya cha Keshero, upande wa ziwa, nikijipongeza kwa ujanja. Kumbe muuguzi aliyetufungulia mlango wa chumba alikuwa yuleyule aliyetufundisha sisi mareko, miaka ile. Alinikumbatia. "Mwanafunzi wangu!" alisema.

Alimvua papa zile soksi. Akatazama madoa muda mrefu, akabonyeza, akamulika kinywani. Hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia papa, akamuuliza kwa upole:

"Muzee, jana ulikula nini?"

"Bugali na sombe."

"Na juzi?"

"Sombe na bugali," akasema papa, na nilikuwa sijamsikia akitania kwa miezi.

"Matunda je? Machungwa, maracuja, mapera?"

Nikaona macho ya mwalimu wangu yanakuja upande wangu, na kabla hayajafika nilikuwa nimeshasema: "Hapendi. Namupatia, anakataa."

Papa aligeuza kichwa polepole akanitazama. Mtu ambaye nilikuwa nimemtangazia kaka kwamba kichwa chake kimekwisha alinisoma mara moja, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akamwambia muuguzi:

"Ni kweli. Mimi njo nakataaka. Huyu mutoto anasumbuka sana na mimi."

Nilitamani ardhi ya Keshero ipasuke. Haikupasuka, na mimi nikauacha uongo huo ubaki palepale.

Muuguzi alitueleza kwa maneno mepesi, na mengine nilikuwa nimewahi kuyasikia darasani nikayaandika bila kuyasikiliza. Mwili wa mtu hautengenezi vitamini C, lazima uipate katika chakula, na haikai: moto wa muda mrefu unaiua, na maji ya kuchemshia huondoka nayo. Watu wengi wanadhani ni ya mafua tu. Ubongo ndio unaoishikilia kuliko karibu viungo vyote. Ubongo unafanya kazi mchana na usiku kama injini isiyozimwa, na injini hiyo ina moshi wake unaokula chembe za ndani. Vitamini hii inasaidia kuzuia moshi huo usiharibu. Inasaidia pia kutengeneza vile vitu ambavyo ubongo hutumia kupelekeana habari, vile vinavyomfanya mtu awe macho na awe na hamu ya siku yake. Na mishipa ya fahamu ina gamba linaloifunika. Mwili unahitaji vitamini hiyo ili kulijenga gamba hilo na kulitunza.

"Kama waya ya gari," papa akasema. "Ile plastiki ya inje ikiisha, taa zinakuwa zinawaka, zinazima."

"Njo vile, muzee."

Muuguzi hakuahidi muujiza. Alisema kusahau kuna sababu nyingi, nyingine ni za umri na haziondoki kwa chungwa, na ganzi ya vidole alitaka kuipima kivyake. Lakini fizi, madoa, maumivu ya miguu na ule uzito wa moyo, hayo aliyaona waziwazi. Akampa vidonge, akaniandikia mimi orodha ya matunda. Aliniandikia mimi, mwalimu wa matunda.

Nilianza siku hiyohiyo. Chungwa asubuhi, juisi ya maracuja mchana bila kuipitisha motoni, pera lililoiva na kupondwa kwa kijiko. Papa alimwagia shati, nikafua. Katika siku chache damu ilikoma. Wiki ya pili alisimama bila kushika ukuta. Madoa yakageuka manjano, yakafifia. Asubuhi moja nilimkuta amerudisha kiti chake barazani mwenyewe, anamwelekeza mpita njia, na nikasikia Rutshuru, Rumangabo, Kibumba, moja kwa moja. Nilienda jikoni nikalia nikiwa nimeshika sufuria.

Yote hayakurudi. Mpaka leo anasahau kama amesali rozari au la, anaisali mara mbili. Vidole viwili vya mguu bado vina ganzi. Lakini kilichorudi kilirudi pamoja na kumbukumbu ya mwaka mzima, na hilo sikuwa nimejiandaa kwalo. Kaka alipopiga simu papa alichukua kifaa mwenyewe, akamwambia: "Walisema kichwa ya papa imekwisha. Kumbe kunabakia kidogo. Sasa mutoto wako anaoa lini?" Alicheka kwa sauti. Kwangu hakunyoosha hata kidole, na nilitamani anyooshe. Kama angenifokea mara moja ningeomba msamaha mara moja, tukamaliza. Alikaa tu akifyonza chungwa lake, akisema aksanti.

Mwezi uliopita yule muuguzi aliniomba nikawafundishe akina mama wa Keshero kuhusu chakula cha wazee. Kila Alhamisi wanakutana kwenye uwanja wa kituo. Papa akasema atanisindikiza, anataka kunyoosha miguu na kuona ziwa. Aliketi kwenye benchi la nyuma, kofia magotini. Hakuna aliyemfahamu pale, na muuguzi alikuwa ndani na wagonjwa wake.

Nilieleza vizuri, lazima niseme. Moto, maji, ubongo, gamba la mishipa, hata mfano wa waya wa gari niliutumia kana kwamba ni wangu. Kisha, kwa kutaka somo liwe na ladha, nikawapa kisa. Nikasema namjua mzee mmoja hapa Goma, mbishi, aliyekataa matunda mwaka mzima mpaka akaugua. Nikaigiza jinsi alivyokuwa akisukuma sahani. Akina mama wakacheka. Nikaigiza tena. Sikulitazama benchi la nyuma.

Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ule muzee iko anaishi na nani? Mwaka muzima hakuna mutu aliona?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, papa alikuwa pale, na maneno yenyewe hayazidi manne. Nikasema:

"Anaishi peke yake."

Wakasikitika wote. Mmoja akasema masikini ya Mungu. Nikafunga kitabu changu.

Njiani kurudi papa hakuzungumzia somo. Alinionyesha mahali ambapo zamani walikuwa wanaegesha malori, akanunua karanga, akanipa nusu. Nikajiambia kwamba labda hakusikia, masikio ya wazee yanajulikana. Nilijua nadanganya hata pale.

Alhamisi iliyofuata nilirudi Keshero peke yangu. Nilipomaliza, yule mama anayenyonyesha alisimama akaniletea mfuko. Walikuwa wamechanga, kila mmoja chungwa moja au mawili, wanawake ambao wengi wao wamekimbia vita na wanalala kwa jamaa, na mfuko ulikuwa mzito. "Ya ule muzee wa peke yake," akasema. "Umwambie batu ba Keshero bako banamuombea." Nikashukuru. Nikaubeba mpaka Mabanga, na mkono ukaniuma.

Papa alikuwa mezani. Nikaweka mfuko mbele yake, nikasema kwa uchangamfu wa uongo: "Papa, nimekuletea machungwa." Alifungua, akachukua moja, akalinusa. Yalikuwa ya Beni.

"Imetoka wapi?"

"Keshero. Bamama bametoa."

"Bametoa kwa nani?"

Alilirudisha lile chungwa mfukoni taratibu, akafunga mdomo wa mfuko kwa fundo, kama alivyokuwa akifunga mizigo ya watu.

"Mama, mimi siishi peke yangu," akasema. "Niko na mutoto wangu. Hii si yangu."

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Mfuko bado uko pale mezani, na papa hajagusa hata moja, wala hayo ninayomnunulia mimi hayagusi. Nimemsihi, nimemwambia afya yake itarudi nyuma. Ananisikiliza, anakunywa chai yake. Kesho ni Alhamisi. Nimemwambia nitaurudisha mfuko kwa wenyewe na kuwaeleza. Amesema vizuri, na ameshatoa viatu vyake nje, kwa sababu anakuja.